Maziwa ya chokoleti shuleni: je, mtoto analazimika kuyachukua?

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wanajumuiya wote.

Watoto wetu wawili hula shuleni asubuhi na mchana. Mdogo, aliye darasa la kwanza, huchukua maziwa ya chokoleti kila mara, na jioni anakataa mtindi na maziwa meupe ya nyumbani. Naomba waliotutangulia hapa Marekani wanieleze: je, maziwa hayo ni ya lazima, na mzazi aseme nini bila kuonekana mkorofi?

Mama wa wawili, Ohio

* * *

Marahaba, mwanangu.

Mpango wa kitaifa wa chakula cha mchana shuleni, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1946 na unaosimamiwa na Wizara ya Kilimo, unaitaka shule iwe na maziwa katika kila mlo, lakini mtoto halazimishwi kuyanywa. Katika shule za sekondari za juu mwanafunzi anaweza kuyaacha wakati wa mchana, mradi achukue vyakula vingine vya kutosha, likiwemo tunda au mboga. Kwa madarasa ya chini uamuzi huo ni wa wilaya ya shule, kwa hiyo uliza. Vyovyote iwavyo, maziwa yasiyotiwa ladha lazima yawepo, pamoja na maji ya kunywa ya bure.

Kuhusu sukari, una haki ya kuwa na wasiwasi. Tangu Julai 2025, paketi ya maziwa ya chokoleti ya mililita 240 hivi hairuhusiwi kuwa na zaidi ya gramu 10 za sukari ya kuongezwa, yaani vijiko viwili vya chai na nusu, mbali na sukari ya asili ya maziwa yenyewe. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto aliyetimiza miaka 2 asifikishe gramu 25 kwa siku nzima. Mwanao akinywa paketi moja asubuhi na nyingine mchana, anaweza kuwa amepata gramu 20 kabla hajapanda basi la kurudi nyumbani, na bado hatujahesabu nafaka tamu za asubuhi wala chai ya jioni ambayo sisi wazazi huitia sukari bila kupima. Kwa maoni yangu, maziwa haya yasingepaswa kuwepo kabisa wakati wa kifungua kinywa katika shule za msingi, kwa kuwa hapo ndipo mtoto anapozoea ladha atakayoidai kila siku.

Bibi wa wajukuu watano, Minnesota

* * *

Shikamoo, mama, nami naomba kuongeza.

Nafanya kazi katika jiko la shule, na naona paketi nyingi za maziwa meupe zikitupwa zikiwa hazijafunguliwa. Wilaya ya shule ya Los Angeles iliondoa maziwa yenye ladha mwaka 2011, kisha mwaka 2016 bodi yake ikakubali kuyajaribu tena katika baadhi ya shule. Mtoto ambaye nyumbani hapati maziwa hupoteza protini na kalisi anapoyakataa shuleni, nalo si jambo dogo kwa familia zilizofika juzi kutoka kambi za wakimbizi. Ningependa yabaki wakati wa mchana tu, tena baada ya mtoto kuonyeshwa yale meupe kwanza.

Dada, mwandikie mkuu wa huduma za chakula wa wilaya yako, si mpishi, kwa sababu sisi jikoni hatupangi orodha. Kama tumbo la mtoto huvurugika, omba maziwa yasiyo na laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, ambayo mpango unayakubali. Kila wilaya iliyomo katika mpango huu lazima iwe na sera ya afya ya wanafunzi, na sheria ya mwaka 2010 inaitaka iwaruhusu wazazi kushiriki kuitunga na kuipitia. Uliza kikao kijacho ni lini, na uombe mkalimani mapema ukimhitaji.

Baba wa watatu, Texas