Safari ya Shangazi: gumzo la familia

Shangazi Mwanaidi: Haya wanangu, tiketi imetoka. Masaa 8 na nusu hewani, napumzika saa moja na nusu, halafu masaa 6 mengine. Nasikia siku hizi kusafiri ni raha tupu. Nijiandae vipi?

Rehema: Shikamoo Shangazi. Hiyo saa moja na nusu ya katikati siipendi. Uliomba kiti mwendo?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Nimeomba, magoti yenyewe unayajua.

Rehema: Basi muda ni mfupi. Wa kiti mwendo hupanda wa kwanza lakini hushuka wa mwisho, na ndege kubwa kumaliza kushusha watu yaweza kuchukua nusu saa. Geti la ndege ya pili nalo hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya kuondoka. Ukitoa hizo zote unabakiwa na kama dakika 40 za kupita ukaguzi na pengine kubadili jengo. Ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, imekula kwako.

Salim: Mashirika hayauzi muunganiko wa ndege mbili ulio chini ya muda unaokubalika kwenye uwanja husika. Na kama tiketi ni moja, ukiachwa wanakupangia ndege nyingine bila kulipa.

Rehema: Sawa, ila muda huo umepimwa kwa mtu anayetembea. Na hiyo ndege nyingine yaweza kuwa ya kesho. Shangazi, wapigie waombe ndege ya baadaye, upate masaa 3 katikati. Hapo hapo waulize kama kiti mwendo kimeandikwa kwenye ndege ZOTE MBILI. Mara nyingi huandikwa ya kwanza tu, ukifika katikati hakuna anayekusubiri. Ombi lao hulitaka masaa 48 kabla.

Bamdogo Idi: Dada, na msimbo wa ombi la kiti mwendo uwe sahihi. WCHR ni anayeweza ngazi ila hawezi kwenda mbali. WCHS ngazi haziwezi. WCHC hatembei kabisa, anasindikizwa hadi kitini. Wewe ngazi unapanda?

Shangazi Mwanaidi: Ngazi hapana.

Bamdogo Idi: Basi WCHS. Wakikuandikia WCHR, na ndege ikaegeshwa mbali na jengo, utakuta ngazi ndefu inakungoja wakati gari la kunyanyulia halijaitwa.

Salim: Mimi nirudi kwenye raha 😄 Ndege gani hiyo? Kama ni Boeing 787 au Airbus A350, utashuka hujachoka sana kama zamani. Ndege nyingi za zamani hewa ya ndani huwa kama uko mlimani mita 2,400. Hizi ni kama 1,800. Na bodi lake sehemu kubwa si chuma, haliogopi kutu, kwa hiyo hewa inaachwa na unyevu zaidi, koo halikauki sana. Kwenye 787 usitafute pazia la dirisha. Kuna kitufe chini ya kioo, ukibonyeza kioo chenyewe kinaingia giza polepole.

Rehema: Maji anywe vilevile. Na chakula maalumu kiagizwe kabla, huwa masaa 24 au 48. Mle ndani hakipatikani.

Shangazi Mwanaidi: Na mabegi? Nitayachukua katikati niyapeleke tena?

Salim: Tiketi moja, kwa kawaida yanaenda moja kwa moja. Kwenye kaunta soma lebo kabla begi halijaondoka kwenye mkanda: herufi 3 kubwa ziwe za uwanja wa mwisho, si wa katikati. Stakabadhi yenye namba 10 ipige picha. Programu nyingi za mashirika sasa zinakuonyesha begi limepakiwa au bado.

Bamdogo Idi: Isipokuwa ukiingilia Marekani. Kule kwa kawaida begi unalichukua uwanja wa kwanza, unapita forodha, unalikabidhi tena, hata kama lebo inasema mbele.

Shangazi Mwanaidi: Siendi huko. Pawabenki aliyoninunulia Salim naiweka begi kubwa?

Salim: Hapana!! Ya mkononi tu. Betri ikishika moto chini kwenye mizigo hakuna wa kuizima kwa mkono. Kikomo bila kibali cha shirika ni wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri. Yako ni mAh 20,000, zidisha mara volti 3.7, gawa kwa 1,000, unapata 74. Inapita. Ila mashirika kadhaa sasa yanakataza kuitumia angani, chaji simu kwenye soketi ya kiti.

Rehema: Na getini wakisema ndege imejaa, begi lako la mkononi linashuka chini, toa kwanza pawabenki, dawa na pasipoti. Watu hukabidhi tu kwa haraka. Weka vitu hivyo kwenye kifuko kimoja ndani ya begi, unakichomoa mara moja.

Shangazi Mwanaidi: Dawa yangu ya maji ni mililita 200. Si wanasema mwisho 100?

Rehema: Dawa huruhusiwa kuzidi, ila itaje mwenyewe kabla ya mashine ya ukaguzi, ikiwa kwenye chupa yake na karatasi ya daktari. Viwanja vyenye mashine mpya havikwambii utoe hata kompyuta kwenye begi, lakini wa katikati waweza kuwa bado na sheria ya zamani. Jipange kwa ule mkali zaidi.

Bamdogo Idi: Kiti chukua cha njiani. Mstari ulio mbele ya mlango wa dharura uache, mara nyingi viti vyake havilali nyuma. Kila saa moja au mbili simama, ukishindwa zungusha vifundo vya miguu. Soksi za kubana muulize daktari wako kwanza.

Shangazi Mwanaidi: Na begi lisipotokea?

Salim: Usitoke ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo, ujaze PIR, yaani ripoti ya begi lililopotea au kuharibika, wakupe namba. Likija limevunjika, andika malalamiko ndani ya siku 7. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Rehema: Shangazi, nitumie namba ya buking inboksi, si humu. Mwenye namba hiyo na jina lako la ukoo anaweza kubadili hata kiti chako.

Shangazi Mwanaidi: Nimeshaituma. Na shirika wanasema ndege ya masaa 3 na dakika 10 katikati ina nafasi, wananibadilishia.

Rehema: Waulize WCHS iko kwenye zote mbili.