Mliopimisha watoto ADHD, tupeane uzoefu

MamaWawili: Wakuu habari zenu. Leo kwenye kikao cha wazazi mwalimu kanivuta pembeni kaniambia mama huyu mtoto mkampime ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia au kukaza akili kwenye jambo moja, huu sio utundu wa kawaida. Ana miaka 7. Kwenye kiti anakaa nusu kalio, mguu mmoja ushaelekea mlangoni. Daftari lake mstari wa kwanza mwandiko mzuri hadi raha, wa pili unapanda mlima, wa tatu hakuna maneno kachora matairi. Mliopita njia hii, wanapimaje? Wanatoa damu? Na wakishapima mnasaidiwa kitu au mnarudi nyumbani na jina la ugonjwa tu?

BabaMapacha: Damu hamna mama, wala picha ya kichwa. Ni maswali mpaka uchoke. Wewe unapewa fomu, mwalimu anapewa yake, maana lazima dalili zionekane zaidi ya sehemu moja, ziwe zimedumu angalau miezi 6 na zilianza kabla hajafika miaka 12. Akiwa mtukutu nyumbani tu shuleni katulia, watatafuta sababu nyingine. Sisi tulianzia kwenye masikio na macho, nikaona tunazungushwa, kumbe kuna watoto "hawasikilizi" kwa sababu hawasikii kweli. Daktari akauliza na usingizi, kama anakoroma, kama kuna muda anaganda macho ghafla halafu anaendelea, maana kuna kifafa ambacho mtoto haanguki, anaduwaa sekunde chache tu.

Tulivu: Hili la masikio ni kweli tupu.

ChumaChaPua: Zamani hayo ma-ADHD hayakuwepo. Tulichapwa tukatulia. Nyie mnalea kwa simu halafu mnatafuta daktari.

Mdau_wa_Chaki: Yalikuwepo, mlikuwa mnawaita watukutu mnawafukuza darasani. Mwaka 1902 daktari George Still kule Uingereza alishawaelezea watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake, hiyo simu yenye katuni ilikuwa wapi? Mimi mwalimu, nimeona mtoto anachapwa na kabla machozi hayajakauka karudia kilekile. Sio jeuri. Mwili unatangulia, akili inafuata.

ChumaChaPua: Walimu wa siku hizi ndo nyie.

BintJasiri: Jamani acheni kugombana niwape yangu. Siku ya miadi tumekaa foleni weee, mwanangu keshahesabu vigae, keshafungua kila droo, keshamuuliza kila mgonjwa anaumwa nini, mimi nikainama kidogo tu kutafuta kadi kwenye mkoba, kuinua kichwa hayupo. Nikaita, kimya. Nikakimbia chooni hayupo, ngazi za chini hayupo, mara nasikia mtu anapiga kelele nje kuangalia juu, mtoto yuko ghorofa ya pili kapita dirishani kasimama kwenye ukingo mwembamba anamfuata njiwa, na wala haogopi, ananipungia mkono ananiambia mama njoo umwone ana kiota. Miguu iliniisha. Viatu vya kisigino nilivitupa sijui wapi nikapanda zile ngazi peku

Tulivu: Ehe??

BabaMapacha: Dada usituache ukingoni, alishukaje?

MamaWawili: Mimi hapa mikono inatetemeka.

BintJasiri: Mlinzi alimnyakua kwa nyuma kwa mkanda wa suruali. Sasa sikilizeni kichekesho. Tunaingia kwa daktari, mimi natweta jasho linanitoka, mtoto kakaa kwenye kiti KATULIA, anapanga vibao, anajibu vizuri. Daktari kijana akasema mbona huyu hana shida, nikataka kulia. Mkubwa wake akacheka akasema wengi wao wakiwa chumba kigeni na mtu mmoja wa kuwasikiliza wanatulia, ndo maana hatuamini macho yetu peke yake, lete fomu ya mwalimu.

ChumaChaPua: Huyo alihitaji kamba.

BintJasiri: We endelea kukomenti, siku moja watakuletea mjukuu.

Nyota_Kimya: Wangu wa kike hapandi popote. Anakaa, anaangalia ubao, hayupo. Hamsumbui mtu ndo maana alichelewa kugundulika, wasichana wengi ndo ilivyo. Tena MamaWawili angalia na mwezi wa kuzaliwa, kama yeye ndo mdogo kuliko wote darasani wanaweza kumwona ana ADHD kumbe ni umri tu.

Kiongozi_Mstaafu: Punguzeni sukari.

Mdau_wa_Chaki: Sukari haileti ADHD mkuu. Kuna utafiti wa 1994, akina mama waliambiwa watoto wao wamepewa sukari kumbe hawakupewa, wakasema watoto wamechachamaa.

Mzazi_Mchovu: Msikubali vidonge tu, mtoto anageuka zezeta.

BabaMapacha: Usitishe watu. Pacha mmoja anatumia methylphenidate, dawa ya ADHD. Kabla ya kuanza waliuliza kama ukoo una ugonjwa wa moyo au mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Mchana hana hamu ya kula, jioni anafidia. Kila tukirudi wanapima urefu, uzito, presha na mapigo ya moyo. Mwanzoni kweli alizubaa, dozi ikashushwa, akarudi kuwa yeye. Na mtoto chini ya miaka 6 kwa kawaida wanaanza kumfundisha mzazi, dawa baadaye.

Mzazi_Mchovu: Mimi nilifundishwa nikaona ni maneno.

Nyota_Kimya: Kwangu yalisaidia kuliko nilivyodhani. Usimwambie "kajiandae", hapo umempa kazi kumi. Mwambie vaa soksi. Akivaa msifie palepale, halafu viatu. Darasani anakaa mbele mbali na dirisha, na mwalimu humtuma kugawa madaftari ili anyooshe miguu. Mtihani anaongezewa muda.

Mdau_wa_Chaki: Hiyo ya madaftari naiiba.

Tulivu: Niulize, inarithiwa? Najaza fomu ya mtoto naona naandika habari za baba yake.

BabaMapacha: Sana tu. Sio kila mtoto, ila inatembea kwenye familia. Mlete na yeye.

Tulivu: Nimempa uzi huu asome, kaishia kwa njiwa kaenda kutengeneza redio.

MamaWawili: Asanteni. Fomu nimezipata, ila mwalimu aliyenituma ndo anasema hana muda wa kujaza.

Mdau_wa_Chaki: Mfuate saa ya mapumziko, kaa hapohapo mpaka amalize. Na lile daftari la matairi usiliache, daktari atalitaka.

BintJasiri: Na siku ya miadi vaa raba.