Naomba ushauri: vijana ninaowafundisha kuchomelea waanze na sanamu au na mageti?

Mleta uzi (Uyole, Mbeya)
Ndugu zangu, nawasalimu. Nina karakana ndogo ya kuchomelea, na baadhi ya majirani wameniomba niwafundishe vijana wao waliomaliza kidato cha nne, ambao wote wametimiza miaka 18. Pamoja na mageti, mimi huunda sanamu za ndege na ng'ombe kwa vyuma chakavu, na ningependa vijana waanzie huko, kwa sababu kiungo cha sanamu kikiachia hakuna nyumba inayobaki wazi. Wazazi wanaona huo ni mchezo. Nianze na lipi, na usalama wao niulinde vipi?

Fundi Mstaafu (Iringa)
Ndugu yangu, usianze na lolote kati ya hayo. Wape bamba bapa na rodi ya milimita 2.5, mashine iwe kati ya ampea 60 na 90, wachore mistari mpaka mkono utulie. Sanamu huunganisha mnyororo wa baiskeli na jembe la plau, na asiyejua kuelekeza moto kwenye chuma kinene atauyeyusha mnyororo kabla jembe halijashika.

Hofu yangu kubwa ni lile rundo la chakavu. Chuma cha dukani unakijua, lakini cha jalalani hujui kilibeba nini. Bati lina zinki, na moshi wake humletea mtu homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye, hata akadhani ana malaria. Shokapu imefungiwa mafuta, na nyingine gesi yenye mgandamizo, hivyo ikipata moto inaweza kulipuka. Tangi la petroli nalo huhifadhi mvuke hata likionekana kavu. Kwa hiyo, kabla mashine haijawashwa, wafundishe kuyachambua machakavu na kuyakataa yaliyo hatari. Tena baridi ya Juni na Julai isiwashawishi kufunga milango, maana moshi lazima upate pa kutokea.

Mama wa Mafinga
Mwanangu alijifunzia kwa fundi aliyempa miwani ya jua badala ya kinyago, na usiku macho yalimwasha akashindwa kuyafumbua. Tafadhali, kila kijana awe na kinyago chake chenye kioo cheusi namba 10 au 11 (namba ya kiwango cha giza), na wanaosimama kutazama wakingwe pia.

Mwalimu wa Ufundi (Mbeya mjini)
Waelezeni wazazi kwamba Julio González, mchonga sanamu wa Kihispania, alijifunza kuchomelea katika kiwanda cha Renault, Ufaransa, mwaka 1918, na miaka kumi baadaye ufundi huohuo ndio alioutumia kumsaidia Picasso, msanii maarufu, kuunda sanamu za chuma. Jirani zetu wa Msumbiji nao wameunda sanamu kwa bunduki zilizokusanywa baada ya vita. Vijana wakishakomaa, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Cheti hicho kitawatuliza wazazi kuliko maneno yetu.

Mleta uzi
Nashukuru sana. Nitaanza na bamba, kisha kupanga chakavu, kisha ndege wadogo, na mageti yatafuata. Mzee wangu wa Iringa, springi bapa za lori, ambazo hufaa sana kwa mabawa, mbona hupasuka pembeni ya kiungo?

Fundi Mstaafu (Iringa)
Chuma hicho kina kaboni nyingi, na kikipoa ghafla huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Kipashe moto kabla ya kuchomelea, tumia rodi ya aina ya 7018 (yenye hidrojeni kidogo) iliyotunzwa pakavu, kisha kifukie kwenye majivu makavu kipoe taratibu hadi kesho yake.