Mrejesho: mota ya mashine ya kusaga iliyokuwa inaunguruma tu

Wakuu, niliuliza kuhusu mota ya fezi tatu (inayohitaji njia tatu za umeme ili izunguke): ukiwasha inaunguruma bila kuzunguka, kisha ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa) inakata. Wengi mlisema imeungua ndani. Wala! Fundi aliitenganisha mota na nyaya za umeme, akapima umeme unaotoka kwenye kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota): kati ya fezi mbili inasoma volti 400, ya tatu haipiti. Akazima swichi kubwa, akaipiga kufuli, akapima tena kuhakikisha umeme haupo, ndipo akafungua kontakta. Skrubu ya fezi ile ya tatu imelegea, waya umebabuka mweusi, plastiki imeyeyuka. Kontakta mpya imefungwa, tunasaga. Na yule aliyenishauri nipandishe kipimo cha ovalodi ili isikate: mkuu, mota ingeungua kweli.