Waliorekebisha maziwa yalingane baada ya saratani na waliokataa, tupeane uzoefu

Mama Wawili:
Habari za jioni wapendwa. Nimetoka kwa fundi sasa hivi, nimekaa kwenye gari siwezi hata kuwasha. Tunashona sare za harusi ya mdogo wangu, fundi mwenyewe ni kabinti tu, akanizungushia tepu kifuani, akaangalia, akazungusha tena, akaniuliza taratibu "Mama, nikate kwa kipimo cha upande upi?" Hana kosa jamani, kauliza kwa heshima kabisa. Ila miaka mitatu yote nilikuwa najiaminisha kwamba nikivaa dera na mtandio haionekani.

Njia wengi mnaijua. Uvimbe upande wa kulia, wakatoa uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, ziwa wakaliacha, nikapiga kemo, zile dawa kali za saratani, halafu mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki tano. Namshukuru Mungu niko hai. Lakini lililopigwa mionzi limesinyaa, limekaza, limepanda juu, na la kushoto mimi nilivyonenepa na lenyewe likanenepa likashuka. Brazia kikombe kimoja kinajaa, kingine naingiza soksi. Bega la kushoto mkanda umeacha alama kama mfereji.

Daktari kasema ama tupunguze la kushoto lifanane na mwenzake, ama achukue mafuta tumboni ajazie la kulia kidogo kidogo, maana mengine huwa yananywewa na mwili inabidi kurudia. Kinachonitisha ni hilo la kushoto. Usiku nalishika najiambia hili ndo lililobaki zima, leo nilipeleke kwenye kisu? Waliofanya na waliokataa njooni.

Kimya Kingi:
Hiyo soksi. Nilidhani niko peke yangu duniani.

Bi Shuka:
Mimi nilitolewa ziwa lote kwa hiyo sina cha kujazia, na nilikataa upasuaji mwingine, nilichoka kulazwa. Nilishona kimfuko mwenyewe. Mara ya kwanza niliweka mchele, hili joto la Dar na jasho, baada ya mwezi nikaona kidudu kinatembea kwenye brazia nikiwa kanisani. Nikahamia mtama, naukausha juani, naubadilisha kila baada ya wiki chache. Siri ni uzito mama, sio ukubwa tu. Pamba ni nyepesi, upande mmoja unabaki mtupu na mwili unajipinda bila wewe kujua. Nilivyopata uzito sawa, mgongo wangu ulinyamaza. Anza na hiyo kabla ya kisu.

Mzee wa Busara:
Dada pole sana. Ila ushauri wangu shukuru uhai. Kukata ziwa zima ni kubadilisha alichoumba Mwenyezi Mungu. Mume kama anakupenda hataangalia hayo.

Mwana wa Tanga:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo hapana. Swahaba Arfaja alikatwa pua vitani akaweka pua ya fedha, ikaanza kunuka, Mtume akamwambia aweke ya dhahabu. Hakumwambia kaa bila pua ushukuru uhai. Kurekebisha kilichoharibiwa na maradhi si sawa na kujipamba.

Mzee wa Busara:
Marahaba. Pua iliharibika, sawa. Ziwa la kushoto limeharibika nini? Swali langu liko hapo tu.

Mwana wa Tanga:
Bega linaharibika kwa ajili ya hilo hilo la kushoto, kasema mwenyewe hapo juu. Mimi nilimuuliza shehe wangu kabla sijafanya, na wewe kamuulize wako. Nilipunguzwa mwaka juzi, kovu linashuka kutoka kwenye chuchu kama nanga, na nililia siku bandeji ilipotolewa kwa sababu lilikuwa limevimba na jekundu. Sasa hivi nalala kifudifudi. Mwenye kuelewa hiyo sentensi ataelewa.

Baba Kijacho:
Mimi ni mume. Hatuangalii kifua, tunaangalia mke wetu akijificha na kanga kutoka bafuni mpaka kitandani. Afanye au asifanye, asijifiche tu.

Mlima Baridi:
Nimesoma hapa nikasema nipite kimya lakini siwezi. Hadithi yangu ni ya hilo ziwa zima.

Nilisubiri zaidi ya mwaka baada ya mionzi kama nilivyoambiwa, nikaenda kupunguzwa la kulia, maana lililougua lilikuwa la kushoto. Upasuaji ulienda vizuri, mirija ya kutoa maji ilitolewa baada ya siku chache, nikajiangalia kwenye kioo cha kabati nikaona mtu ninayemfahamu. Nikampigia mama yangu nikamwambia mama nimerudi. Wiki ya tatu nasonga ugali, simu ikaita, nikaibana begani naendelea kusonga maana ugali ulikuwa umeshaanza kushika. Daktari akaniuliza uko na nani hapo nyumbani. Yaani mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huu akisikia hilo swali hahitaji kusikia lingine. Nyama waliyoipunguza ilipelekwa maabara kama kawaida yao, na ndani yake walikuta kitu, kidogo mno, bado kiko ndani ya mirija ya maziwa hakijatoka nje. Mamogramu ya kabla, ile picha ya eksirei ya maziwa, haikukiona. Nakumbuka ule mwiko. Nilikuwa nimeushika hewani, ugali unadondoka kwenye jiko, mtoto ananiambia mama unaungua mama unaungua.

Hilo ziwa nalo nilitolewa lote. Sasa kifua changu kimelingana, pande zote mbili tambarare, na nilikataa kuwekewa chochote. Nasema bila kigugumizi kama nisingeenda kulilinganisha, kile kitu kingekuwa bado kinakua humu ndani.

Kimya Kingi:
Ee Mungu wangu.

Tausi:
Kwa hiyo ina maana kisu ndo kilileta?? Maana bibi yangu alisema saratani haitaki kuguswa.

Mlima Baridi:
HAPANA. Kilikuwepo tayari. Tafadhali usiandike hivyo, kuna mtu ataogopa kwenda hospitali.

Nesi Mstaafu:
Ndugu zangu tulieni. Kisa cha mwenzetu ni cha kweli na hutokea, ila ni kwa wachache, msilale macho. Fundisho lake ni kwamba nyama yoyote inayopunguzwa lazima iende maabara, uliza kabisa kabla hujasaini karatasi. Mamogramu ya upande mzima ifanyike kwanza. Kisukari na presha viwe vimetulia. Anayevuta sigara aache, kidonda cha mvutaji kinagoma kufunga. Anayemeza tamoksifeni, kile kidonge cha kuzuia saratani ya ziwa isirudi, amwambie daktari maana inaweza kugandisha damu, wengine husimamishiwa kwa muda, ila usijisimamishie mwenyewe. Na mwenye ngozi inayoota makovu makubwa aseme mapema.

Dada wa Minnesota:
Huku Marekani kuna sheria ya 1998, bima ikiwa inalipia kutoa ziwa basi lazima ilipie kulitengeneza, na hata kurekebisha lile lingine ili yalingane. Nyumbani wengi tunajichangisha, najua. Mimi nilitengenezewa kwa nyama ya tumbo, nililala mezani saa nyingi, kovu linatoka nyonga mpaka nyonga. Umbo zuri, nimefurahi. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba halitakuwa na hisia. Nilimwagikiwa chai ya moto nikaendelea kuongea na mgeni, nikaja kuona malengelenge usiku navua nguo. Maji ya moto, pasi, mvuke wa sufuria, kuweni macho.

Tausi:
Silikoni je, ule mfuko wa kuwekewa ndani ya ziwa? Shoga yangu anasema ndo rahisi.

Mwana wa Tanga:
Kwenye ziwa lililopigwa mionzi fikiria mara mbili. Dada yangu lilikaza kama embe bichi na lilimuuma mpaka likatolewa.

Kanga Mbichi:
La kwangu lina miaka sita na sina shida yoyote.

Nesi Mstaafu:
Ulipigwa mionzi?

Kanga Mbichi:
Hapana.

Nesi Mstaafu:
Basi ndo tofauti. Na hata hivyo si la maisha, siku moja utalibadilisha.

Mama Wawili:
Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mlima Baridi, nakukumbatia. Nilikuja nikiogopa kuligusa la kushoto, sasa naogopa kutolijua lina nini. Jumatatu naenda kuomba mamogramu, majibu yakitoka ndo nitaongea habari ya kupunguza, na swali la maabara nimeshaliandika kwenye daftari. Harusi ni mwezi ujao, haitanisubiri. Nimempigia yule binti nikamwambia akate kwa kipimo cha kushoto, la kulia nitalijazia.
Bi Shuka, huo mfuko unaushona kwa kitambaa gani?

Bi Shuka:
Shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa mpaka likalainika, jipya linakwaruza kovu. Shona mshono mara mbili. Mtama usijaze mpaka ukakaza, acha utembee kidogo. Upime kwenye mizani ya jikoni, halafu vaa siku nzima nyumbani kabla hujatoka nao.