Kiwiko cha mtoto kinauma na kocha anamtaka Agosti

Kutoka: Shangazi, Mikindani

Wanajumuiya, asalaam aleykum. Ninyi mlioko Marekani naomba msaada. Mtoto wa kaka yangu yuko kwangu likizo hii, ana miaka 12. Huko kwao anacheza besiboli, na yeye ndiye mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira. Tangu afike analalamika kiwiko. Jana nimempa kikombe cha uji, kakipokea kwa mkono wa kushoto, na si mtoto wa kushoto huyu. Nikamwambia anyooshe wa kulia, haunyooki mpaka mwisho. Nikigusa kile kifundo cha mfupa upande wa ndani, anauvuta mkono haraka. Uvimbe sioni. Bibi yake anataka amchue kwa mafuta ya nazi na auvute unyooke. Wenzie nao kila jioni wanamwita awaonyeshe, wanalenga makopo kwa mawe. Baba yake kwenye simu anasema ni uchovu wa mechi tu. Nifanyeje?

Kutoka: Mama Zuhura, Columbus

Waaleykum salaam, shangazi shikamoo. Nafanya kazi kliniki ya mazoezi ya viungo, na kila masika tunawapokea watoto wa namna hiyo. Kwanza kabisa, mwambie bibi kwa heshima zote asiuvute huo mkono wala asichue pale kwenye mfupa.

Mtoto wa miaka 12 mifupa yake bado inakua. Kile kifundo ulichokigusa ndipo inaposhikilia misuli ya kukunja kiganja, na chenyewe bado kimeunganishwa na mfupa mkubwa kwa gegedu, ile tishu laini ambayo bado haijawa mfupa. Akirusha kwa nguvu, kiwiko kinalazimishwa kufunguka upande wa ndani, na misuli pamoja na kano vinakivuta kifundo hicho. Kwa mtu mzima kano ndiyo huchanika. Kwa mtoto gegedu ndiyo dhaifu zaidi, kwa hiyo ndiyo inayoumia kwanza. Wengi wakipumzishwa mapema hupona bila upasuaji. Akilazimishwa kuendelea, kifundo kinaweza kubanduka.

Mpelekeni hospitali ya Ligula apigwe picha ya viwiko vyote viwili, daktari alinganishe. Dawa ya maumivu asipewe ili aweze kurusha, kwa sababu maumivu yakifichwa kazi ya kuumiza inaendelea. Na hayo mawe ya makopo yakome leo, maana bega na kiwiko havijui kama ni jiwe au mpira.

Kaka, uchovu usiuite "tu". Utafiti wa 2006 uliwalinganisha warushaji vijana waliopasuliwa bega au kiwiko na wenzao wasioumia. Waliokuwa na kawaida ya kurusha mkono ukiwa umechoka, uwezekano wao wa kuwa kwenye kundi la waliopasuliwa ulikuwa mara 36 zaidi. Hebu tuambie, anachezea timu ngapi?

Kutoka: Baba wa mtoto, Ohio

Dada, ahsante. Timu mbili. Ya mtaani Jumamosi, ya kusafiri Jumapili. Akimaliza kurusha wanamweka adake, nyuma ya mpigaji. Makocha wote wawili wanahesabu mipira anayorusha, na hesabu nimeziona, ziko sawa. Yule wa timu ya kusafiri anasema asiporudi mwanzoni mwa Agosti nafasi anapewa mwingine.

Kutoka: Mama Zuhura, Columbus

Hapo ndipo penye shida, kaka. Kila kocha anahesabu ya kwake. Little League, wale wa ligi za besiboli za watoto, walianza kuhesabu mipira mwaka 2007, na kwa miaka 11 na 12 mwisho ni 85 kwa siku. Akifikisha 66 anapumzika siku 4. Sasa akirusha 70 Jumamosi, Jumapili yule mwingine anaanza na sifuri, na daftari zote mbili zinasoma vizuri. Mkono ni mmoja! Daftari la kweli lazima ulishike wewe mzazi, na ukumbuke kuwa mipira ya kupasha misuli kabla ya mechi kwa kawaida haihesabiwi na yeyote.

Kudaka nako ni kurusha, kwani mdakaji anamrudishia mrushaji mpira karibu kila mara. Sheria ya Little League inasema aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi kudaka siku ile.

Halafu mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa 2014 na MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, pamoja na USA Baseball, shirikisho la mchezo huo huko, unataka mtoto wa umri huu akae angalau miezi 4 kwa mwaka bila kurusha, 2 au 3 kati yake ikiwa mfululizo. Mwenzetu huyu ana mfululizo huo mkononi, yuko Mikindani na hakuna mechi. Usimkatishe. Kocha atakayempa mwingine nafasi ya mtoto wa miaka 12 anayeumwa, mwache aitoe. Atarudi mkono ukinyooka wote, kifundo kikibonyezwa kisiume, na daktari akiridhia. Hata hapo aanze kwa umbali mfupi, polepole, aongeze wiki kwa wiki.

Kutoka: Shangazi, Mikindani

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Kesho asubuhi tunakwenda Ligula. Bibi ameelewa, mafuta tumepikia samaki. Jioni ataruhusiwa kucheza mpira wa miguu na wenzie, ila golini nimekataa asikae.