Diski ya nje ya TB 1 inaomba kufomatiwa, ndani kuna picha na hesabu za duka. Nianzie wapi?

Muuliza_Njia: Wakuu habari. Ni ile ndogo ya inchi 2.5. Ukichomeka taa inawaka, inazunguka bila kugonga, Windows inaipa E: halafu inadai ifomatiwe. Inasomeka RAW, yaani Windows haitambui mfumo wa faili. Sijabonyeza kitu. Fundi mmoja anasema chkdsk /f (amri ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski), mwingine niifunge nailoni niiweke friza. Data ni kama GB 400, nakala nyingine hakuna.

Kibatari: Usifomati. Chkdsk kwenye RAW mara nyingi hugoma yenyewe, na ikikubali ndiyo balaa: inaandika juu ya diski inayokufa, na vipande visivyo na mwenyewe inaviita FILE0000.CHK. Friza sahau kabisa. Diski hizi zina kitundu cha kupumulia. Ikitoka baridini, umande unatua ndani.

Kwanza badilisha waya, ule mdomo mpana wa Micro-B hulegea upesi. Chomeka kwenye laptopu yenyewe, si kupitia hub: USB 2.0 hutoa mA 500, USB 3.0 mA 900, na diski inapoanza kuzunguka hula umeme mwingi. Ikigoma bado, fungua CrystalDiskInfo (programu ya kuonyesha afya ya diski) usome 05, C5 na C6, yaani idadi ya sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizorekebishika.

Muuliza_Njia: Waya mpya, hali ileile. 05 ni sifuri, C5 ni 0000000001A8.

sekta_mbovu: Hiyo ni hex mkuu (namba za msingi wa 16), yaani sekta 424 zimegoma kusomeka. Usirejeshe faili moja kwa moja kutoka humo. Nakili diski nzima kwanza, uokoaji ufanyie kwenye nakala.

Tafuta diski ya TB 2. Ya TB 1 haitoshi, maana ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) inabeba sekta zote, hata tupu. Mfumo wake wa faili uwe ext4 au NTFS; FAT32 haipokei faili la kufika GB 4. Washa Ubuntu kwa flashi, weka gddrescue (kifurushi chenye ddrescue), andika lsblk (huorodhesha diski). Mgonjwa ataonekana 931.5G, usimfungue (usim-mount). Ukiwa ndani ya folda ya diski mpya:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Badala ya sdb weka herufi uliyoiona kwenye lsblk. Chanzo kinatangulia, nakala inafuata, ukivigeuza umejimaliza. Amri ya kwanza inabeba vyepesi, ya pili inarudia vilivyogoma mara tatu. Diski nzima ingechukua saa tatu hivi, hii yaweza kula siku. Ikipata moto bonyeza Ctrl+C, ipoe, urudie amri ileile: faili la .map linakumbuka ilipoishia, kwa hiyo usilifute.

Muuliza_Njia: Nikishapata .img?

sekta_mbovu: Andika testdisk diski.img (TestDisk ni programu ya kurejesha mfumo wa faili), kisha Advanced, Boot. Ikisema sekta ya kuwashia ni mbovu na ya akiba ni nzima, chagua Backup BS, halafu List, unakili folda na majina yake. PhotoRec (huchokonoa faili kwa aina zake, bila majina) iwe ya mwisho: picha itaziokoa, lakini zitatoka na majina ya f0123456.jpg, na hesabu za duka utazitafuta moja moja.

Kibatari: Nyongeza. Ikianza kugonga kach-kach katikati ya kazi, chomoa papo hapo. Hivyo ni vichwa vya kusomea, kila mzunguko unaweza kukwangua sahani, na hapo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Usibandue kava pia ukitegemea kukuta SATA (mlango wa kawaida wa diski za ndani). WD My Passport nyingi mlango wa USB umechomelewa kwenye bodi yenyewe.